Goti la Kijana, Kinywa cha Mkubwa

Tangu zamani michezo ya televisheni inayohusu magereza ya wanawake imekuwa na wapenzi wengi. Uingereza ilikuwa na "Within These Walls", ulioanza kuonyeshwa mwaka 1974. Australia nayo ikatoa "Prisoner" mwaka 1979, ukaendelea hadi mwaka 1986 na kuvuka mipaka ya nchi hiyo. Sababu ya mvuto huo si ngumu kufahamika. Gereza ni nyumba isiyo na faragha, ambamo mama, binti na ajuza hulala chini ya dari moja, na aliye nje hutamani kujua wanaishije. Hata hivyo, ni michezo michache ya aina hiyo iliyowaliza watazamaji, ikawagombanisha na kuwafanya waulizane juu ya haki, kama ulivyofanya msimu wa nne wa mchezo wa Kimarekani uitwao "Orange Is the New Black". Msimu huo, wenye sehemu 13, ulitolewa na Netflix tarehe 17 Juni, 2016.

Asili ya mchezo huo ni kitabu cha Piper Kerman, mwanamke aliyetumikia kifungo cha miezi 13 kuanzia mwaka 2004 kwa kosa lililohusu fedha za wauza dawa za kulevya. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 2010. Mchezo wenyewe ulianza mwaka 2013 na kumalizika mwaka 2019, baada ya misimu saba. Gereza la Litchfield linaloonekana humo ni la kubuniwa, lakini mambo yake hayakutungwa kutoka hewani.

Katika msimu huo wa nne, Litchfield imekwisha kutiwa mikononi mwa kampuni ya watu binafsi yenye kutafuta faida. Wafungwa wameongezwa hata hawana nafasi ya kupumua. Askari wa kuwalinda hawatoshi. Kampuni, kwa kuwa imeahidiwa kupunguziwa kodi, inaajiri askari waliorudi kutoka vita vya Iraq na Afghanistan. Mkuu wao ni Piscatella, pande la mtu lililohamia hapo kutoka gereza la wanaume, naye anawaongoza wanawake kama aongozaye majambazi. Upekuzi unakuwa wa kudhalilisha, na wanaosakamwa zaidi ni wanawake wenye asili ya Amerika ya Kusini. Askari mmoja anawashindanisha wafungwa wawili kwa ngumi ili ajifurahishe. Mfungwa mwingine anasimamishwa juu ya meza katika bwalo la chakula, anaachwa hapo siku kadhaa.

Ni meza hiyo iliyoleta msiba. Katika sehemu ya 12 wafungwa, ambao kwa muda mrefu walikuwa wamegawanyika kwa rangi na kwa makundi, wanapanda juu ya meza mmoja baada ya mwingine na kusimama kimya. Hawana silaha. Wanataka jambo moja tu: Piscatella aondoke. Yeye anawaamuru askari wawateremshe kwa nguvu. Katika purukushani hiyo mfungwa mmoja mwenye maradhi ya akili anapagawa. Poussey Washington, mwanamke mdogo wa umbo, anaingia kati amtulize mwenzake. Askari kijana aitwaye Bayley anambana Poussey chini, goti lake mgongoni, huku yeye mwenyewe akipigwa na yule aliyepagawa. Hasikii kwamba aliye chini yake hawezi kuvuta pumzi. Anapoinuka, mambo yamekwisha.

Wasomaji wanaoishi kambini wataguswa na jambo moja katika habari za Poussey. Alikuwa binti wa afisa wa jeshi. Alikulia katika makao ya wanajeshi, Ujerumani pakiwa pamojawapo. Akahamahama na baba yake kila amri ya uhamisho ilipokuja, kama wahamavyo watoto wa askari popote duniani. Alijua lugha za kigeni, alipenda vitabu, akafanya kazi katika maktaba ya gereza. Kilichomfunga ni kiasi kidogo cha bangi. Kwa misimu minne watazamaji walimwona akicheka na kuchekesha, nao wakampenda kama mtoto wa nyumba ya jirani.

Kwa hiyo habari ya kifo chake ilipowafikia, watu walilia kama waliofiwa. Na kwa kuwa sehemu zote 13 zilitolewa siku moja, wako waliokesha wakitazama mpaka mwisho, wakaamka na matanga wakati wenzao hawajaanza hata sehemu ya kwanza. Ukazuka ugomvi juu ya nani anyamaze na nani aruhusiwe kuomboleza hadharani. Lakini ugomvi huo ulikuwa mdogo. Mkubwa ulihusu maana ya kifo chenyewe.

Wengi walikumbuka mara moja kifo cha Eric Garner, mtu mweusi aliyekabwa na polisi katika kisiwa cha Staten Island, mjini New York, tarehe 17 Julai, 2014. Garner alisema mara 11 kwamba hawezi kupumua. Afisa aliyemkaba hakufikishwa mahakamani. Alifukuzwa kazi mwezi Agosti 2019, miaka mitano baadaye. Tena wiki zisizozidi tatu baada ya msimu huo kutolewa, watu weusi wawili, Alton Sterling na Philando Castile, waliuawa na polisi tarehe 5 na 6 Julai, 2016, katika majimbo ya Louisiana na Minnesota. Tarehe 7 Julai, mjini Dallas, mtu mmoja aliyewahi kuwa mwanajeshi aliwaua maafisa watano wa polisi. Katika siku hizo nyumba nyingi zilikuwa na kilio, za raia na za polisi pia.

Kundi la kwanza la watazamaji liliusifu mchezo kwa ujasiri wa kuonyesha jambo ambalo wengine walilifumbia macho. Kundi la pili, na humo walikuwamo watazamaji weusi wengi, lilikasirika. Hao waliuliza kwa nini mauti ya mwanamke mweusi yafanywe somo la kuwafunza wengine, hali wao walikwisha kulijua somo hilo kwa mazishi yao wenyewe. Ilisambaa picha ya waandishi wa mchezo, ambamo hakuonekana mtu mweusi hata mmoja, na hasira ikazidi. Walichukizwa pia kuona Bayley amepewa historia ya kuhurumiwa: kijana mpole, asiye na chuki, aliyeingia kazi ya ugereza kama angeingia kazi nyingine yoyote. Kwa maoni yao, huruma hiyo ilikuwa kama kumpa muuaji kiti cha mbele matangani.

Kundi la tatu lingependa kusikilizwa katika kila kambi. Hao ni askari wastaafu wa Marekani waliolalamika kwamba mchezo uliwachora wapiganaji waliorudi vitani kama watu wakatili, wapenda kutesa. Malalamiko yao yana haki. Walio wengi waliovaa sare na kuona vita hurudi nyumbani, wakalea watoto, wakalima, wakafanya biashara, wala hawamdhuru mtu. Kumhukumu askari kwa sare yake ni kosa lile lile la kumhukumu raia kwa rangi ya ngozi yake.

Lakini yafaa kutazama kwa makini ni nani aliyeua katika mchezo ule. Hakuwa mmoja wa wale walioonyeshwa kuwa wakatili. Bayley hakuwahi kwenda vitani, wala hakumchukia Poussey. Alikuwa kijana ambaye hakufunzwa namna ya kumdhibiti mtu bila kumziba pumzi. Alipewa amri na mkubwa mwenye hasira, akaitekeleza kwa woga. Hapo ndipo makundi yote matatu yalipokaribia ukweli mmoja bila kuugusa. Mabishano yalikuwa kama Bayley ahurumiwe au alaaniwe, na wakati watu wakibishana, aliyetoa amri pamoja na kampuni iliyomweka hapo walipita pembeni. Goti lilikuwa la kijana. Kinywa kilichoamuru kilikuwa cha mkubwa. Kijana hawezi kutakata, kwani goti lilikuwa lake. Mkubwa naye hawezi kutakata kwa kuwa mikono yake haikugusa mtu.

Sehemu ya mwisho ya msimu inaonyesha jinsi wakubwa wanavyojaribu kutakata. Mwili wa Poussey unaachwa sakafuni mwa bwalo kwa saa nyingi, kwa sababu kampuni haijaamua iseme nini. Kwanza wanapekua maisha ya marehemu ili waonekane kama walikuwa wakipambana na mtu mkorofi. Wakikosa, wanataka kumtupia kijana lawama yote. Mkuu wa gereza, Caputo, anapofika mbele ya waandishi wa habari, anamtetea Bayley, na katika maneno yake yote hataji jina la Poussey. Taystee, rafiki mpenzi wa marehemu, anayasikia hayo. Linalomchoma kuliko yote ni kwamba jina la mwenzake halikutajwa. Kwa hasira hiyo wafungwa wanatoka vyumbani, na ghasia zinalipuka.

Kimya hicho juu ya jina kiliwauma watazamaji. Hapana ajabu. Mtu akifa mikononi mwa dola, jambo la kwanza analodaiwa ni jina lake, na la pili ni taarifa kwa wazazi wake. Haya si maneno ya huruma tu; ni kanuni. Mwezi Desemba 2015 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Nelson Mandela juu ya namna ya kuwatunza wafungwa, zikapewa jina la mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Kanuni hizo zinataka mkuu wa gereza awaarifu jamaa wa marehemu mara moja; mwili utunzwe kwa heshima na kukabidhiwa kwa jamaa; na kifo chochote kichunguzwe na mamlaka iliyo nje ya gereza. Zinasema kwamba askari asitumie nguvu kupita ile inayohitajika hasa, na akiitumia atoe taarifa papo hapo. Zinaagiza askari afunzwe kabla ya kuanza kazi na aendelee kufunzwa akiwa kazini, pamoja na mbinu za kutuliza ghasia kwa mazungumzo. Zinaagiza pia kwamba wafungwa wanawake walindwe na askari wanawake. Kabla ya hapo, mwaka 2010, zilikwisha kupitishwa Kanuni za Bangkok, 70 kwa hesabu, zinazohusu wafungwa wanawake peke yao.

Atakayeupima mchezo kwa kanuni hizo ataona kwamba Poussey hakuuawa na dakika moja ya purukushani. Aliuawa na siku zote zilizotangulia: siku askari alipopewa sare bila mafunzo, siku wanaume walipowekwa kuwalinda wanawake na kuwapekua miili, siku mfungwa alipoachwa juu ya meza na wenye sare wakapita bila kusema neno. Mchezo ulipomalizika mwaka 2019, watengenezaji wake walianzisha mfuko wa fedha uitwao kwa jina la Poussey Washington, wa kuyasaidia mashirika manane yanayoshughulikia masuala ya wafungwa na haki. Jina ambalo mkuu wa gereza alilinyima kinywa chake likaandikwa juu ya mfuko wa watu walio hai.

Katika nyumba ya askari, sare hufuliwa, huanikwa kambani na kupigwa pasi na mama, mke au dada. Mikono hiyo inajua kuliko mtu mwingine kwamba ndani ya sare yumo mtu, naye huenda ana njaa, ana usingizi, ana woga. Basi nyumbani ndipo mahali pa kumwuliza, anaporudi zamu, si tu kama amekula, bali kama leo ameamriwa jambo ambalo moyo wake ulilikataa. Askari aliyezoea kuulizwa hivyo mezani kwake hatashindwa kuuliza kazini. Mkubwa naye, akiwa na binti yake nyumbani, na amkumbuke kabla hajafumbua kinywa. Kwa maana Poussey naye alikuwa binti wa afisa, na baba yake pia aliwahi kutoa amri.