Mafundi na Kazi Zao: Kuziba Njia za Oili Katika Injini

Reli itokayo Katanga hukomea hapa Kindu, na treni haziji kila juma. Kwa hiyo injini iliyochoka haitupwi, bali hufunguliwa na kujengwa upya. Ile ya lori yaweza hata kuhamia katika boti la mbao liendalo Ubundu, safari ya mtoni yapata kilomita 300.

Ndani ya bloku ya injini mna njia nyembamba za oili. Hutobolewa kwa keekee, na keekee haijui kupinda kona; basi kiwandani hutoboa moja kwa moja kutoka nje, kisha mlango ule huzibwa. Tena ikiwa turbo, yaani kile kifaa kisukumacho hewa ndani ya injini, imekufa na nyingine haipatikani, fundi huiondoa. Njia iliyokuwa ikiilisha oili hubaki wazi, nayo haina budi kufungwa.

Lakini usizibe kabla ya kujua njia inakwenda wapi. Pitisha waya mwembamba, kisha puliza upepo na kusikiliza unatokea wapi. Yawezekana njia hiyo hiyo inalisha na beringi ya krankishafti. Ukiifunga mahali pasipofaa, beringi itakauka, na chuma kitashikana na chuma katikati ya Lualaba, abiria wakiwamo.

Kizibo cha hesi ndicho bora. Pima urefu wake kwanza: kikizidi, ncha yake huifunga njia inayokatiza nyuma yake, na kwa nje huoni dalili yoyote. Kizibo cha kugongwa nacho hufaa, mradi mdomo wa tundu upigwe patasi mahali patatu ili oili isikisukume nje. Vizibo vya mti na vitambaa, ambavyo nimeviona kwa macho yangu, ni mchezo wa watoto.

Ukimaliza kukata hesi, osha. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, na unga wa chuma hubebwa na oili mpaka katika beringi mpya. Pitisha brashi ndefu yenye mafuta ya taa, puliza, rudia. Ndipo upake hesi gundi isiyoyeyuka katika oili, ukaze.

Kisha, krankishafti ikiwa imekwisha kufungwa lakini bakuli la oili la chini bado, sukuma oili kwa pampu ya mkono katika njia kuu. Kila beringi yapasa ilowe, na kila kizibo kibaki kikavu.