Mtumbwi si wa Mvuvi Peke Yake

Iko desturi katika nchi yetu ya kudhani kwamba mtumbwi ni chombo cha mvuvi peke yake, na kwamba mtu asiyevua samaki hana haja ya kujua habari zake. Lakini tazameni, wasomaji wetu, ni watu wangapi hupanda vyombo hivyo kila siku katika Ziwa Victoria. Mkulima wa Mfangano hupeleka mazao yake sokoni Mbita. Karani aliye katika likizo huvuka kwenda kuwaamkia wazazi wake. Mama muuza omena huenda na kurudi na mzigo wake. Wote hawa huingia chomboni wakakaa kama mafurushi, wakimwachia nahodha mambo yote. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza juma hili.

Hivi karibuni tulihudhuria mkutano wa Jumamosi na Jumapili wa watu wapendao kupiga kafi. Ulifanyika katika ufuko mmoja wa Ghuba ya Winam, mwendo mfupi kutoka mji wa Kisumu. Walikuwapo makarani na walimu kutoka mjini, vijana wa shule, na wavuvi wenyeji wa ufuko huo. Vyombo vilikuwa vya namna mbili: mitumbwi mizito ya mbao ifanyayo kazi ya uvuvi, na mitumbwi myepesi ya plastiki ambayo watu wawili waweza kuibeba mabegani.

Kazi ilianza saa moja ya asubuhi, na sababu yake ni upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likiisha kupanda, nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani, nao huleta mawimbi. Mzee mmoja mvuvi alituonyesha milima ya Nandi akasema, "Wanangu, mkiona mawingu meusi yanarundikana kule, msingoje kuambiwa. Geuzeni chombo."

Somo la kwanza lilikuwa la kukaa. Mtu akisimama katika mtumbwi mwembamba, uzito wake wote huwa juu na chombo huyumba. Akipiga magoti, uzito hushuka na chombo hutulia. Somo la pili lilikuwa la kafi. Mgeni huvuta kwa mikono tu, na baada ya muda mfupi mikono huchoka. Mwenye ujuzi huzungusha kiwiliwili chote, mgongo na mabega yakasaidia. Aliye nyuma ndiye aongozaye. Makarani wawili vijana walitaka kuongoza wote pamoja, na mtumbwi wao ukaenda huku na huku kama ng'ombe aliyekata kamba, hata ukaingia katika magugu maji. Wavuvi walicheka sana, na mmoja akawakumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Kicheko hicho hakikumpendeza kila mtu. Mama mmoja mwenye duka la samaki alikuwa amesimama akitazama, kisha akauliza kwa sauti: "Nyinyi mwacheza na maji haya, nayo yamekwisha kutuulia watu?" Watu wakanyamaza. Mwalimu wa mkutano alivua kofia yake akamjibu kwa adabu, "Mama, usemalo ni kweli. Twakuomba ungoje mpaka mchana, uone tulilolijia."

Jambo lenyewe lilikuwa kupindua vyombo kwa makusudi. Karibu na ufuko, ambapo maji yalifika kifuani, watu wawili waliupindua mtumbwi mwepesi nao wakaanguka majini. Agizo lilikuwa moja: shikeni mtumbwi, msiuache. Waokoaji wakasogea, wakauweka mtumbwi wao mbele ya ncha ya ule uliopinduka, hata vyombo viwili vikafanya umbo la herufi T. Wakaiinua ile ncha, wakauvuta mtumbwi uliolala kifudifudi ukapita juu ya chombo chao, maji yakamwagika. Ndipo wakaugeuza, wakaurudisha ziwani, wakaushika imara ubavuni mpaka wenyewe wakapanda. Kazi yote ilikwisha kwa dakika chache.

Mvuvi mmoja akasema kwa haki kwamba mtumbwi wake wa mbao hauinuliki hivyo. Mwalimu alikubali, kisha akamwomba mzee yule wa asubuhi aeleze desturi ya wavuvi. Mzee akasema mbao huelea, na mtumbwi usio na mzigo mzito waweza kuwashikilia watu ijapokuwa umejaa maji. Kwa hiyo wakae pamoja, wameushika pande zote mbili, wauweke sawa kama waweza, mmoja aingie akumbe maji kwa ndoo, na wengine wangoje nje. Ndoo hiyo ifungwe kwa kamba kabla ya safari. Kosa kubwa ni kuacha chombo na kuogelea kuelekea ufukoni. Juu ya maji macho hudanganya, na nchi kavu ionekanayo karibu huwa mbali sana kwa mtu aliyechoka. Tena mwokoaji huuona mtumbwi upesi kuliko kichwa cha mtu.

Kisha walikaribishwa abiria, yaani watu wasiojua kuogelea. Kila mmoja alivikwa jaketi la kuelea, vifungo vikakazwa, akaingia majini akishikwa mkono. Wa kwanza kuingia alikuwa mama yule aliyeuliza. Alipoona mwili wake unaelea, alikaa kimya kitambo kizuri. Alipotoka alisema maneno machache tu: "Jaketi haya huwamo katika mitumbwi yetu, lakini hukaa chini ya mizigo." Hapana hotuba ya siku zile mbili iliyokuwa na maana kuliko hiyo. Jaketi lililo chini ya gunia halimwokoi mtu, maana chombo kikipinduka hapana nafasi ya kulitafuta, wala ya kufunga vifungo.

Yuko msomaji atakayesema kwamba ajali ni za katikati ya ziwa. Sivyo. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha Tanzania kilichoitwa MV Nyerere kilipinduka kilipokuwa kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa cha kuchukua abiria 101, lakini kilipakia zaidi ya kiasi hicho, na watu zaidi ya 200 walikufa maji ilhali nchi kavu yaonekana.

Basi, twawashauri wasomaji wetu. Ukisikia mkutano wa namna hii karibu nawe, nenda, hata kama huna mtumbwi wala nia ya kununua. Nenda na mkeo na watoto wako wakubwa. Chukua nguo za kubadili na kofia ya jua. Ukiwa abiria, vaa jaketi kabla chombo hakijaondoka, na ukiona watu wamezidi, shuka ungoje kingine. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha muulize mvuvi mzee naye aonaje. Mwenye mtumbwi naye asione haya kuwaamuru abiria wavae jaketi, wala abiria asikasirike kuamriwa. Mkulima hujifunza kushika jembe na karani hujifunza kushika kalamu. Avukaye ziwa naye ajifunze maji kabla ya siku ya dhoruba.