Mwambie fundi afunge kopo la oili chafu

Jumamosi fundi seremala alikuwa ananimalizia benchi la uani. Mbao nzuri, randa imepita sawasawa. Nikamwona anachovya tambara kwenye kopo la oili chafu, ile ya kumwagwa gereji.

"Bila hii mchwa watalitafuna, dada."

Anataka kazi yake idumu, simlaumu. Lakini mpwa wangu ana miezi 11, meno yanaota, na benchi ndilo analoshikia kusimama. Akishasimama, anang'ata ukingo. Oili iliyotumika kwenye injini hubeba masalia ya metali na kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani, na hupita hata kwenye ngozi.

Na mchwa je? Hupanda kutoka ardhini, kwa hiyo shughulika na miguu ya benchi. Kila mguu uwekwe juu ya tofali la saruji. Wakijenga njia yao ya udongo utaiona mapema na kuibomoa. Kisha chagua mbao. Kwenye mtiki, sehemu ya ndani ya kahawia ndiyo inayostahimili mchwa na mvua. Ile nyeupe ya pembeni, ambayo miti michanga inayo nyingi, huoza upesi. Muuzaji atakuapia kuwa yote ni mtiki, na kweli, yote ni mtiki.

Usikubali mbao zilizopasuliwa kutoka nguzo kuukuu za umeme, hata ukipewa bure. Nguzo nyingi hutiwa dawa yenye aseniki. Marekani, watengenezaji waliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani na za bembea za watoto mwishoni mwa 2003.

Mwambie fundi aviringishe kingo na azamishe vichwa vya skrubu. Mianya ya milimita 5 hivi inatosha: maji yapite, kidole cha mtoto kisinase. Miguu ya nyuma itoke nje kidogo kupita kiti, maana mtoto atakwea egemeo, hilo usilitilie shaka.

Langu tulilipaka mafuta ya linsidi yasiyo na dawa ya kukaushia, mkono mwembamba, tukaliacha siku kadhaa kabla ya kumruhusu mtoto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yaanike wazi, mojamoja. Ukiyarundika yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Kopo la oili fundi aliondoka nalo. Matofali manne aliyatafuta mwenyewe, bila kuniongezea bei.