MADARAJA YA NCHI ZA ZIWA NA UKIMYA WA OFISI



Kuna neno ambalo husemwa kila barabara au daraja linapokatika katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria, nalo ni hili: "Ni kazi ya Mungu, nani angejua?" Napenda kulipinga neno hilo waziwazi katika ukurasa huu, maana si kweli, na tena lamsingizia Mungu makosa ya wanadamu.

Kwanza, ziwa halimjii mtu kwa ghafula kama mwizi. Kimo cha maji yake kimepimwa pale Jinja tangu mwisho wa karne ya 19, na hesabu zake zimo vitabuni. Mvua kubwa zilizoanza 1961 ziliyainua maji hayo, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Wala halikurudi upesi. Miaka mingi baadaye lilikuwa bado juu ya kimo chake cha kwanza. Kisha, mwezi wa Mei 2020, kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, yaani kupita kidogo tu mita 13.41 za 1964. Basi jambo la 2020 lilikuwa limekwisha kutokea miaka 56 kabla yake. Asemaye "nani angejua" hakukosa njia ya kujua. Alikosa kufungua jalada.

Pili, madhara ya maji hayo nayo yajulikana. Ziwa hupata sehemu kubwa ya maji yake kwa mvua inyeshayo juu yake lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile. Kwa hiyo likijaa hukaa limejaa. Mito iingiayo ziwani hukuta maji yamesimama juu mdomoni mwake, nayo hutanda mabondeni. Matuta ya barabara yanayoingilia daraja hulowa siku nyingi mpaka udongo ukalegea. Mvua ikizidi bara, mkondo hushuka kwa nguvu na kuchimbua mchanga chini ya nguzo. Msafiri apitaye juu huona lami safi na vizuizi vilivyopakwa rangi. Hajui kwamba nguzo imesimama juu ya shimo. Zaidi ya hayo kuna visiwa vya majani vinavyoelea. Aprili 2020 kimoja kilisukumwa mpaka kwenye bwawa la Jinja, na umeme ukazimika karibu Uganda nzima. Kitu kiwezacho kuzima taa za nchi, je, kitashindwa kuisukuma nguzo ya daraja dogo?

Wako wanaotujibu kwamba maneno kama haya huwatia watu hofu, na kwamba kufunga daraja ni kuua biashara. Nawaomba waitazame Katonga. Mwezi wa Mei 2023, baada ya mvua kubwa, mto huo uliikata barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, njia ya kwenda Rwanda na Tanzania. Magari yalilazimika kuzunguka mbali, na bei ya safari ikapanda. Je, biashara iliponyeshwa na ukimya? Kufungwa kulikuja vilevile. Daraja lililochoka litafungwa siku moja: ama na mtu mwenye kalamu, mchana, watu wakiwa wamesimama ukingoni salama, ama na maji yenyewe, usiku, basi likiwa katikati. Hakuna njia ya tatu.

Wengine hutuambia, "Msihangaike, wakubwa wamekwisha kulitembelea." Hao nao nawakumbusha daraja la Sigiri, huko Budalang'i, nchi ya Kenya, karibu na mahali Mto Nzoia unapoingia ziwani. Juni 2017 lilianguka likiwa bado linajengwa, na haikuwa imetimia majuma matatu tangu Rais mwenyewe alipolizuru. Halikuangushwa na gharika. Nalitaja kwa sababu moja tu: ziara si ukaguzi. Kupiga picha juu ya daraja ni kazi ya saa moja. Kupima chini ya nguzo zake ni kazi ya fundi, tena hurudiwa kila mwaka, na zaidi mwaka ambao ziwa limepanda.

Basi tunataka nini? Mambo matatu, wala si makubwa. La kwanza, kila daraja la nchi za ziwa lipigwe mstari wa rangi kwenye nguzo, maji yakifika hapo lifungwe, bila kungoja barua kutoka makao makuu. La pili, afisa aliye karibu na daraja apewe amri ya kulifunga, wala asiadhibiwe akilifunga kisha maji yakashuka. Leo mtu huogopa kulaumiwa kwa kufunga kuliko kulaumiwa kwa vifo. La tatu, taarifa ya ukaguzi ibandikwe penye daraja na katika ofisi ya wilaya, ili mwenye mzigo na mwenye mtoto mgongoni wajue wanakanyaga nini.

Wataniambia hakuna fedha. Kopo la rangi halihitaji bajeti ya taifa, wala karatasi moja ukutani.

Nanyi makarani, neno la mwisho ni letu. Taarifa za mafundi hupita mikononi mwetu. Sisi ndio tunaoandika "imepokelewa" na kuweka tarehe. Wengine wetu huona jalada limelala mezani kwa mkubwa miezi sita, nao hunyamaza kwa kuwa "si kazi yangu". Kumkumbusha mkubwa kwa barua yenye adabu, na kuikumbusha tena, na kuweka nakala, si utovu wa heshima. Ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya. Daraja likianguka, fundi aliyeonya atauliza onyo lake lililala wapi, na nambari ya jalada itaonyesha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa tena, waliozama hawarudi.

Mimi mwanachama mwenzenu.