Bima ya Maisha Yote kwa Kijana Mwenye Afya: Kipi Kitangulie?

Bima ya maisha yote huuzwa kwa kijana mwenye afya kwa hoja moja yenye nguvu: anayeikata mapema hulipa ada ndogo, na ada hiyo haipandi hata akija kuugua. Kitabibu, hoja hiyo ina ukweli. Kisukari, shinikizo la juu la damu na maradhi ya figo huanza kimyakimya, na aliyekwisha kugundulika kuwa nayo huweza kutozwa zaidi au kukataliwa kabisa. Hata hivyo, hoja ya kweli si lazima iwe ushauri mwema. Kwa vijana wengi wa Morogoro, mkataba huo unastahili kuwa wa mwisho kutiwa saini, si wa kwanza.

Swali la kuanzia ni hili: kijana huyo akifariki leo, nani atakosa riziki? Bima ya maisha yote hulipa wakati wowote kifo kinapotokea, mwenye bima awe na miaka 30 au 85, na ndiyo maana ada yake ni kubwa. Bima ya maisha ya muda maalumu hulipa iwapo kifo kitatokea ndani ya kipindi kilichokubaliwa, tuseme miaka 15, na ada yake ni nafuu zaidi. Asiye na mtu anayemtegemea hana sababu ya kuharakia yoyote kati ya hizo. Mwenye watoto wadogo hupata kinga kubwa kwa fedha kidogo akichagua ya muda maalumu, hadi watoto watakapojitegemea.

Pili ni pato. Mkulima wa kabichi na viazi wa Mgeta, au wa ndizi na viungo wa Kinole, hushika fedha kwa msimu, ilhali ada nyingi hudaiwa kila mwezi. Katika miaka ya mwanzo, sehemu kubwa ya ada ya bima ya maisha yote humezwa na gharama za uendeshaji na kamisheni ya wakala. Anayeshindwa kulipa mwaka wa pili huweza kuondoka mikono mitupu. Hata anayevumilia hana budi kukumbuka kupanda kwa bei: bei zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka, shilingi milioni 10 zitakazolipwa baada ya miaka 40 zitanunua kile kinachonunuliwa leo kwa takribani milioni 2.

Tatu, kifo si hatari pekee. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, mjini Morogoro. Waliofariki walizidi 100. Majeruhi walipokewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na waliozidiwa wakahamishiwa Muhimbili, Dar es Salaam. Aliyeungua huhitaji kusafishwa vidonda, kupandikizwa ngozi na kufanyiwa mazoezi ya viungo kwa muda mrefu. Bima ya maisha ya kawaida haigharimii hata bendeji moja maadamu mgonjwa yu hai. Kazi hiyo ni ya bima ya afya, ambayo Bunge liliitungia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Basi mpangilio ni huu: kwanza bima ya afya, kisha akiba ya dharura, kisha bima ya muda maalumu kwa mwenye wategemezi. Ya maisha yote hufuata, fedha zikibaki.

Wapo ambao bima ya maisha yote huwafaa kweli. Mmoja ni mzazi wa mtoto mwenye ulemavu atakayehitaji kutunzwa daima. Mwingine ni baba wa Kiluguru: kwa desturi, ukoo hufuata upande wa mama na ardhi huifuata koo hiyo, hivyo anayetaka kuwaachia wanawe chake ana sababu ya kuwaandika majina yao kwenye mkataba.

Linalogusa zaidi vituo vya afya ni ukweli wa fomu. Mkataba wa bima hujengwa juu ya uaminifu kamili. Wakala anayemnong'oneza mteja afiche dawa za shinikizo la damu anamtafutia mjane wake kesi, kwa kuwa maradhi yaliyofichwa huweza kuwa sababu ya kukataa kulipa. Mhudumu wa afya naye aandike alichokipima, wala asitoe taarifa za mgonjwa bila ridhaa yake.

Ubaya zaidi ni kijana anayekwepa kupimwa ili fomu yake ibaki safi. Ada aliyoiokoa ni ndogo. Figo au macho yatakayoharibika kwa maradhi yasiyotibiwa hayana bima ya kuyarejesha. Apime kwanza, ndipo achague.