Droni za Polisi: Sheria Kwanza, Mabawa Baadaye



Askari wa Kenya akitaka kufungua sanduku lililo chini ya kitanda chako, sheria yamtaka kwanza asimame mbele ya hakimu, aape, aeleze anatafuta nini na kwa sababu gani, kisha apewe hati ya upekuzi. Ndivyo kinavyoagiza Kifungu cha 118 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Zipo nafasi chache za dharura, lakini kanuni ni hiyo. Askari huyo huyo akirusha droni juu ya ua wako, haapi, haombi hati, wala habishi hodi. Nauliza: kwa nini ukuta umzuie ajaye kwa miguu, usimzuie ajaye kwa mabawa?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi polisi wafungwe macho. Wakuu wa usalama wamezisifu ndege hizi zisizo na rubani katika vita dhidi ya wezi wa mifugo huko Kaskazini mwa Bonde la Ufa, na mama aliyeporwa ng'ombe Baringo ana haki ya kulindwa sawa na tajiri wa Muthaiga. Mtu aliyenaswa na mafuriko atafurahi kuonekana kutoka angani. Lakini Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 238, inasema usalama wa taifa utafutwe kwa kutii sheria na kwa kuheshimu haki za binadamu. Haikusema usalama kwanza, haki tutazitazama baadaye.

Basi sheria yenyewe iko wapi? Kanuni za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani zimetungwa chini ya sheria ya usafiri wa ndege za kiraia. Nao Mkataba wa Chicago wa 1944, ulio msingi wa sheria za anga duniani, unaziweka ndege za polisi kando, kuwa ndege za dola. Ukikimbilia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, utakuta Kifungu cha 51 kimesamehe kazi inayohitajika kwa ajili ya usalama wa taifa au maslahi ya umma. Maneno hayo ni lango pana, lori laweza kupita bila kugusa nguzo. Mwananchi amebaki katikati, hana mwavuli.

Hata hivyo, hana mwavuli si kusema hana haki. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, nyumba yake na mambo ya jamaa yake. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Na Kifungu cha 24 kinasema haki hizi haziwezi kupunguzwa ila kwa sheria, na kwa kiasi kinachokubalika katika jamii huru. Kwa sheria, ndugu zangu! Si kwa waraka wa ofisini, wala kwa tangazo la Waziri mbele ya waandishi wa habari.

Mahakama zetu zimekwisha kuonyesha njia. Tarehe 30 Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, Mahakama Kuu ilikataa serikali iendelee kukusanya habari za wananchi kabla ya kuweka utaratibu kamili wa kisheria wa kuzilinda. Tarehe 14 Oktoba 2021 ilisema tena kwamba kadi hizo zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa madhara yake kwa faragha hayakupimwa kwanza. Ikiwa kadi ya mfukoni yahitaji kupimwa, je, kamera ipitayo juu ya vichwa vya maelfu?

Wazee wa kanisa hawahitaji wakili awaeleze haya. Wanamkumbuka kachero wa Special Branch aliyeketi kiti cha nyuma na kijidaftari, akiandika mahubiri ambayo hakuja kuyasikia kwa roho. Wanawakumbuka akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliopigwa Uhuru Park mwezi Machi 1992, wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints. Wanakumbuka pia Julai 7, 1997, polisi walipoingia katika kanisa hilo hilo na kuwapiga waumini. Mwaka huo huo taifa lilifuta leseni ya mikutano, likaweka taarifa tu kwa polisi. Je, tuliikataa leseni ili tuhesabiwe kutoka juu mmoja mmoja?

Kachero wa zamani alikuwa na macho mawili na kumbukumbu yenye kuchoka. Chombo cha leo kinaona umati wote kwa mara moja, hakichoki, na picha yake yaweza kuhifadhiwa miaka mingi na kulinganishwa na nyuso. Haya si mambo ya nadharia. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imerekodi visa 82 vya utekaji nyara kufikia Desemba mwaka huo. Katika nchi yenye historia hiyo, orodha ya waliohudhuria mkutano si karatasi tu. Inaweza kuwa ramani ya kwenda kwenye mlango wa mtu usiku.

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza, "Wakili, kama sina la kuficha, niogope nini?" Nikamjibu: Nikodemo hakuwa mhalifu, lakini alimwendea Yesu usiku. Mtu mwema pia huhitaji mahali pa kuuliza swali zito bila kutazamwa na wakubwa. Anayekwenda kutubu, anayekwenda kwa wakili, anayekwenda kumshitaki askari: hawa wote hawana la kuficha, ila wana mengi ya kupoteza.

Wengine husema anga ni ya wote, na kinachoonekana hadharani hakina faragha. Mji wa Baltimore, Marekani, ulijaribu hoja hiyo mwaka 2020 kwa ndege zenye marubani zilizopiga picha karibu mji mzima. Tarehe 24 Juni 2021 mahakama ya rufani ikasema kufuatilia mienendo ya watu namna hiyo, bila hati, ni kuvunja katiba. Huko Ufaransa, Baraza la Dola liliwazuia polisi wa Paris kutumia droni mwezi Mei 2020, na likawazuia tena Desemba mwaka huo katika maandamano, kwa kukosa msingi wa kisheria. Ilibidi Bunge litunge sheria ya Januari 2022, inayokataza droni hizo kunasa sauti au kutambua nyuso, na kutaka picha zisikae zaidi ya siku 7. Polisi wa Ufaransa hawakufa kwa sharti hilo.

Nasi twataka hivi. Bunge litunge sheria, baada ya kuwasikiliza wananchi. Droni isimfuate mtu wala kuchungulia ua wake bila hati ya mahakama, isipokuwa pale uhai ulipo hatarini. Isirushwe juu ya ibada au mkutano wa amani ili kukusanya nyuso. Picha zisizo ushahidi wa kosa zifutwe kwa muda uliowekwa. Na kila safari iandikwe katika daftari ambalo IPOA na Kamishna wa Ulinzi wa Data wanaweza kulifungua.

Tusingoje. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Kila parokia na kila kikundi kiwaandikie polisi barua: mna droni ngapi, mmezirusha wapi, kwa sheria gani, na picha ziko kwa nani? Wakisema ni siri, waseme kwa maandishi na watie sahihi, nasi tutaipeleka karatasi hiyo mahakamani. Kifungu cha 119 kinatupa haki ya kulipelekea Bunge ombi. Tuitumie.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu uko angani, na waliotuachia haki ya kukusanyika waliilipia kwa migongo yao. Wenye mabawa nao watii sheria.