Chuo kikuu kisikuwe shamba la kabila moja



Sisi vijana raia wa Swima tunaandika juu ya jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini: namna watoto wa kwetu wanavyogawanyika wakifika chuo kikuu. Mutoto anatoka Swima, Mboko, Baraka ao Minembwe, anaenda kusoma Uvira, Bukavu ao Lubumbashi. Wazazi wameuza samaki, mihogo ao ng'ombe juu alipe masomo. Akifika, swali la kwanza siyo "unasoma nini?" Ni "uko kabila gani?" Kisha nyumba ya kupanga, kundi la mazoezi, uchaguzi wa kiongozi wa darasa, vyote vinafuata jibu lile.

Tunasema wazi: hii haiko shida ya wanafunzi peke yao. Ni kazi ya chuo, na zaidi ni kazi ya kila idara. Idara ndiyo iko karibu na mwanafunzi. Ndani yake makundi ya kazi yanapangwa, mitihani inasahihishwa, na kunaamuliwa historia gani itafundishwa na ipi itanyamaziwa. Kama kujifunza kuishi na mwenye kuwa tofauti hakuanzii pale, hotuba za siku ya amani ni makelele tu.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya wazungu na miradi yao. Hapana. Tangu tarehe 7 Juni 1966 inchi yetu iko na sheria inayoazibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 13, inakataza kumubagua Mukongomani katika elimu juu ya kabila, dini, luga ao jamaa alimotoka. Kifungu cha 51 kinaagiza Serikali kulinda maisha ya pamoja ya makabila yote, na kulinda walio wachache. Mwaka 2022 ziliongezwa sheria mbili: moja ya watu wenye ulemavu, ingine ya Bambuti. Sheria ziko. Zinalala kwenye makaratasi.

Ukabila ndani ya chuo hauishie kwenye matusi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa ndani ya kampasi ya Lubumbashi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Waliopona wengi walieleza kwamba washambuliaji waliwachagua watu kufuatana na jimbo walikotoka. Wenye mamlaka wakitaka kuvunja wanafunzi, wanatafuta mahali walipokwisha kugawanyika.

Na hapa kwetu? Septemba 1996, Banyamulenge waliuawa Baraka na Lweba. Mwisho wa Desemba 1998 mpaka mwanzo wa Januari 1999, raia wengi, wengi wao Babembe, waliuawa Makobola, jirani zetu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Oktoba 2010 imeandika yote mawili. Lakini kila nyumba inalia matanga yake tu. Kijana atasikia wapi yote mawili, kwa ushahidi na bila kupigana, kama siyo mbele ya mwalimu wa historia ao wa sheria?

Tunajua jibu la wengine: "Nitakaaje kwenye benchi moja na wale waliotuua?" Kidonda hicho hatukichezei. Vita ya milimani imechoma vijiji vya pande nyingi, na kuna familia zinazolala njaa leo juu yake. Lakini mwanafunzi wa miaka 20 alikuwa hajazaliwa siku za Lweba na Makobola. Mwenye kuua iko na jina lake, na kesi yake ni ya mahakama. Kabila halina mikono ya kushika panga.

Kwa hiyo, kwa kila idara inayopokea watoto wa Fizi, tunaomba haya:

1. Somo la uraia la mwaka wa kwanza lisikuwe la kukariri tu. Lifundishe vifungu vya 13 na 51 pamoja na historia ya hapa kwetu, yote, bila kuficha wafu wa upande mumoja.

2. Makundi ya kazi yapangwe kwa kura. Mubembe, Mufuliiru, Munyamulenge, Muvira, Mubuyu, Munyindu na Mumbuti waandike kazi moja, wapate pointi moja.

3. Karatasi za mitihani zisahihishwe kwa namba. Kwetu jina peke yake linatosha kuonyesha kabila.

4. Mwalimu asieleze kwa luga ya kwao wakati wengine hawaisikie. Kifaransa kikikuwa kigumu, Kiswahili kiko, na ni luga ya taifa.

5. Mwanafunzi mwenye kutembea na magongo asisomeshwe gorofani. Na binti anayeombwa mwili wake juu ya pointi apate mahali pa kushitaki pasipo kupita kwa yule anayemusumbua.

Hakuna ombi hata moja hapa linalongoja pesa ya Kinshasa. Kupanga kundi kwa kura ni kazi ya dakika kumi. Kinachokosekana ni nia.

Wazazi, musimwambie mutoto anayeondoka, "uchunge wale." Mumwambie asome nao.

Na ninyi wanafunzi, musingoje barua ya mukuu wa idara. Kazi ya kundi itakayotolewa wiki hii, muchukue mumoja ambaye hatoki kwenu. Mukiisha kumaliza, muchukue mwingine.

Sisi vijana raia wa Swima